Uzi maalum: Mwaka wa mwanafunzi wa elimu masafa, QT na kidato cha nne binafsi. Kinachokuja na namna ya kujiandaa

MkufunziMasafa (#1)

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Nyuzi za QT na watahiniwa wa kujitegemea huwa zinafunguliwa Septemba, watu wakianza kuulizana "nimechelewa?" Jibu la Septemba ni ndiyo. Huu naufungua Januari.

Kwa mgeni wa mambo haya: sekondari kwa njia huria na masafa chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW) imegawanywa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni kidato cha 1 na 2 ndani ya mwaka mmoja, mwisho wake ni QT, yaani mtihani wa maarifa. Hatua ya pili ni kidato cha 3 na 4, nayo mwaka mmoja, mwisho wake ni mtihani wa kidato cha nne (CSEE). TEWW wanashughulika na moduli (vijitabu vya kujisomea) na vituo. Mtihani ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Ofisi mbili, foleni mbili, fomu mbili. Aliyejiandikisha kituoni hajajiandikisha NECTA, na hili kila mwaka linaondoka na watu.

Mwaka wenyewe unakwenda hivi:

Januari na Februari ni usajili wa mtihani bila faini. Machi ni dirisha la faini. Baada ya hapo mlango umefungwa, hata uje na barua ya nani.

Machi hadi Mei, vipindi vya ana kwa ana vinakolea na kazi za moduli zinaanza kurudishwa. Juni, jaribio la nusu mwaka. Agosti au Septemba, mtihani wa utamilifu, wengi wanauita moko. Oktoba ni kuhakiki namba za mtihani na kuchukua ratiba. Novemba mnaingia chumbani. QT na kidato cha nne vyote vinafanyika Novemba, matokeo kwa kawaida hutoka Januari.

Sasa hesabu ndogo ya kutisha. Kituo kikikutana Jumamosi tu, saa 6, kwa wiki 36, hiyo ni saa 216 kwa mwaka. Gawa kwa masomo 7: chini kidogo ya saa 31 kwa somo, na ndani yake mnatakiwa kumaliza vidato viwili. Haiwezekani mwalimu akafundisha yote. Kinachofanyika Jumamosi ni kufungua mafundo. Kusoma kwenyewe ni moduli nyumbani. Anayekuja kituoni bila kufungua moduli wiki nzima anakuja kuangalia watu wanavyosoma.

Karibuni na maswali.

Kitalu_B (#2)

Nimeweka kambi hapa.

MzeeWaFomu (#3)

Mkufunzi ameeleza vizuri. Mimi niongezee upande wa usajili, maana ndiyo kazi ninayowafanyia watu stesheneri kila Januari, na makosa ni yaleyale.

Hatua ya kwanza si kompyuta. Ni kwenda kwa mkuu wa kituo cha mtihani unachotaka kufanyia, akupe namba rejea. Bila hiyo mfumo wa NECTA haukufungulii fomu. Angalia vizuri: kituo unachosomea si lazima kiwe kituo cha mtihani. Vituo vingi vya masafa havina namba ya mtihani, wanafunzi wao wanafanyia kwenye shule ya jirani. Uliza mapema ni shule gani, umbali gani, na nauli ya kwenda na kurudi kwa wiki mbili tatu ni kiasi gani. Watu wanachagua kituo karibu na kazini, halafu Novemba wako likizo kijijini kilomita 80.

Ukishapata namba rejea, unaingia tovuti ya NECTA, sehemu ya usajili wa watahiniwa wa kujitegemea. Unajaza taarifa, unapakia picha ya pasipoti, unachagua masomo, unapata namba ya malipo ya serikali yenye tarakimu 12. Hiyo unalipia kwa simu au benki. Ada iliyozoeleka miaka ya karibuni ni shilingi 50,000 kwa kidato cha nne na 30,000 kwa QT. Ndani ya faini inapanda kuwa 65,000 na 40,000. Tangazo la mwaka husika ndilo la kufuata, lisome lenyewe na si picha ya tangazo iliyozunguka WhatsApp tangu juzi.

Makosa sasa.

Moja: mtu anapata namba ya malipo, anaridhika, anaondoka. Namba ya malipo si malipo. Rudi kwenye mfumo baada ya kulipa, hakikisha hali imebadilika, chapisha fomu, mpelekee mkuu wa kituo nakala.

Mbili: majina. Aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne aingize namba yake ya zamani sawasawa, kwa mfano S0000/0000/2014: herufi S, namba ya shule, namba yake, mwaka. Umeolewa na sasa unaitwa vingine? Kwenye mtihani tumia majina ya cheti cha zamani, la sivyo utakuwa na vyeti viwili vya watu wawili na kila ofisi itakudai kiapo.

Tatu: kuchagua masomo kwa haraka. Misimbo iko karibu karibu. 012 ni Historia, 013 ni Jiografia, 021 Kiswahili, 022 Kiingereza, 031 Fizikia, 032 Kemia, 033 Biolojia, 041 Hisabati. Anayejaziwa fomu na kijana wa stesheneri huku anaongea na simu anaweza kujikuta na Fizikia ambayo hajawahi kuifungua. Soma kwa sauti kabla ya kubonyeza kutuma.

Mama_Abduli (#4)

Samahani wakuu, mtu aliyeishia la saba miaka ya nyuma, anaweza kwenda moja kwa moja kidato cha nne? Kuna kituo kinasema kinaweza "kumpitisha".

MkufunziMasafa (#5)

Hapana dada yangu. Aliyeishia la saba anaanza na QT, akifaulu ndipo mwaka unaofuata anasajiliwa kidato cha nne. Anayesema atakupitisha anataka ada yako ya Januari, Novemba hutamwona. Kituo cha kweli hakisiti kukuonyesha cheti cha usajili wake TEWW. Omba kukiona kabla ya kutoa hata mia.

Kamusi_Mfukoni (#6)

Naongezea hapo. Na wale mabinti waliokatishwa masomo, njia ziko mbili na wengi wanaijua moja tu. Tangu waraka wa elimu wa Novemba 2021, aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida. Akiona mazingira ya kurudi darasani ni magumu, ndipo anakuja huku masafa. Mzazi asimlete masafa kwa kudhani kule kumefungwa.

Jembe_Halimtupi (#7)

Masomo mangapi yanatosha? Nasikia wengine wanafanya matano.

MkufunziMasafa (#8)

Inategemea unatafuta nini. Anayerudia ili kuongeza alama afanye yale anayoyahitaji tu. Anayeanza upya, ushauri wangu ni saba: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Sababu ni namna daraja linavyokokotolewa.

A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Zinachukuliwa saba bora. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni sifuri. Mwenye C tatu na D nne ana 9 na 16, jumla 25: daraja la tatu. Achia D moja iwe F, unakuwa na 9, 12 na 5, jumla 26, umeshuka la nne. Somo moja ulilolidharau limekushusha daraja.

Na F inaanzia wapi? Chini ya 30. D ni 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64, B 65 hadi 74, A 75 kwenda juu. Kati ya F na D mara nyingi ni swali moja ambalo mtu alilijua ila hakulimaliza.

Tufe_na_Ramani (#9)

Mkuu umesema Hisabati kana kwamba ni maji ya kunywa 😅 Watu wa masafa ndiyo inawazika.

HesabuBilaPresha (#10)

Hisabati haimziki mtu, kinachomzika ni kutojua karatasi imejengwaje. Maswali ni 14. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, jumla 60. Sehemu B maswali 4 ya alama 10, jumla 40. Muda ni saa 3. Anayetaka C anahitaji 45. Sehemu A peke yake, akipata robo tatu yake, kashafika. Kwa hiyo kwa mtu mwenye mwaka mmoja, hadi Juni awe ameshika mada za sehemu A: namba na desimali, vipeo na logi, seti, uwiano, mfuatano, pembetatu na Pythagoras, milinganyo ya kwadratiki. Tena baada ya Juni achague mada tatu tu za sehemu B na azipige hadi zikome.

Kitu cha pili: kwenye Hisabati ya msingi kalkuleta hairuhusiwi. Narudia, kikokotoo hakiingii. Kinachoruhusiwa ni vitabu vya majedwali vya NECTA. Anayefanya mazoezi mwaka mzima kwa kalkuleta ya simu anafika Novemba hajui kusoma jedwali. Anza leo. Logi ya 0.0345: andika 3.45 mara kumi kwa kipeo hasi 2, jedwali linakupa 0.5378, jibu ni 2 yenye mstari juu yake, nukta 5378. Ule mstari ni wa 2 peke yake, 5378 ni chanya. Watu wanauburuza mstari hadi mwisho, halafu wakijumlisha logi mbili jibu linaruka.

Mada ninayoipendekeza sehemu B ni Dunia kama tufe, kwa sababu fomula ni mbili na swali halibadiliki sana. Tuchukue miji miwili kwenye meridiani moja, mmoja 6° Kusini, mwingine 12° Kaskazini. Tafuta umbali, nusu kipenyo cha Dunia kilomita 6370, pai ni 22/7.

Kwanza pembe. Mmoja yuko chini ya Ikweta, mwingine juu: unajumlisha, 6 na 12 ni 18°. Kisha 18 gawa kwa 360, mara 2, mara 22/7, mara 6370. Anza na 6370 gawa kwa 7, unapata 910 kamili. 910 mara 44 ni 40,040. 18 juu ya 360 ni moja ya ishirini. 40,040 gawa kwa 20 ni kilomita 2002. Umemaliza bila kalkuleta, na ndiyo maana mtunzi amekupa 6370 na 22/7, amekusaidia.

Kosa linaloua: mtu anatoa, 12 toa 6 ni 6°, anapata kama kilomita 667. Njia nzuri, jibu bovu. Chora duara, piga mstari wa Ikweta, weka nukta mbili. Ukiona Ikweta imepita katikati yao, jumlisha. Zikiwa upande mmoja, toa. Sekunde kumi za kuchora zinaokoa alama.

Zikiwa latitudo moja badala ya meridiani moja, pembe inatoka kwenye longitudo na unazidisha na kosaini ya latitudo. Aliyesahau kosaini kampima mtu wa Ikweta.

Tufe_na_Ramani (#11)

Aisee. Hilo la kuchora duara nalichukua.

Jembe_Halimtupi (#12)

Na hizo mada zote tunazipata wapi bila kununua vitabu vya 20,000 kila kimoja?

Kamusi_Mfukoni (#13)

Vitabu vya kiada viko bure Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), unajisajili na kusoma. Tahadhari moja: mtaala ulioboreshwa unaingia kwa awamu, kwa hiyo muulize mkufunzi mtihani wako wa Novemba unatungwa kwa mtaala upi kabla hujashika kitabu, hasa cha mtumba. Mtu anaweza kusoma Uraia wa mtaala mmoja na kufanya mtihani wa mwingine.

Ila hazina kubwa kuliko vitabu, na watu wa masafa hawaigusi, ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. NECTA wanaziweka kwenye tovuti yao bure, somo kwa somo, mwaka kwa mwaka. Wanachukua kila swali, wanaeleza lilidai nini, asilimia ngapi walipata vizuri, na kwa nini waliokosa walikosa. Wanaweka hadi picha ya mwandiko wa mtahiniwa aliyejibu vizuri na aliyeharibu. Mwishoni kuna jedwali la rangi: kijani mada iliyofanywa vizuri (65 kwenda juu), njano wastani (30 hadi 64), nyekundu chini ya 30.

Zisome hivi: chukua za miaka mitatu ya somo moja. Nenda kwanza kwenye jedwali la mwisho. Mada iliyo nyekundu miaka yote mitatu iandike pembeni. Rudi ndani usome kwa nini. Mara nyingi utakuta si mada ngumu; watu hawakuelewa swali. Hapo ndipo penye msumari wa elimu masafa: karibu mitihani yote isipokuwa Kiswahili iko kwa Kiingereza, na mtu katoka la saba ya Kiswahili akapewa miaka miwili.

Dawa yake si kukariri kamusi nzima. Kila somo lina maneno ya kuamuru kama ishirini yanayojirudia. "State" inataka utaje tu, mstari mmoja. "Explain" inataka utaje na ueleze kwa nini. "Differentiate" inataka pande zote mbili, na wengi wanaeleza upande mmoja wakaishia hapo. Yaandike kwenye karatasi ngumu na tafsiri yake na idadi ya mistari inayotosha. Chukua mitihani ya miaka mitano, pigia mstari kila neno la kuamuru kabla ya kusoma swali lenyewe. Wiki tatu zinatosha mkono kuzoea.

MkufunziMasafa (#14)

Hili la taarifa za uchambuzi nalikazia. Na mgawanyo wa alama ujulikane pia. Kwa masomo kama Uraia, Jiografia na Biolojia, sehemu A ina alama 16, B 54, C 30. A ni kuchagua na kuoanisha. C ni insha, unachagua maswali mawili kati ya matatu, 15 kila moja. Wanafunzi wetu wanaogopa insha wanaikimbia, wanatoa sadaka alama 30. Insha yenye utangulizi wa mistari mitatu, hoja sita zenye mfano mmoja mmoja na hitimisho fupi inapata alama hata Kiingereza kikichechemea. Tatizo ni karatasi tupu.

Bando_Limekata (#15)

Kituo chetu kimeanza kutaka kazi za moduli zitumwe mtandaoni. Faili langu la picha 12 linagoma kila siku. Nisaidieni.

MzeeWaFomu (#16)

Picha ya kawaida ya simu ni megabaiti 3 hadi 4. Picha 12 ni megabaiti 36 au zaidi, mfumo hauzitaki na bando lako pia halizitaki. Usipige picha, skani. Programu za kuskani za bure zipo, au tumia ile iliyo ndani ya Google Drive. Chagua nyeusi na nyeupe au kijivu, si rangi. Ukurasa unashuka hadi kilobaiti 200 au 300. Kurasa 12 zote kwenye PDF moja hazifiki megabaiti 4.

Mwanga: karibu na dirisha asubuhi, karatasi mezani, simu juu yake sambamba. Ukisimama na taa nyuma yako, kivuli chako ndicho kitakachosahihishwa.

Jina la faili: lisiwe na alama ya mkwaju. Watu wanaandika namba ya mtihani kama ilivyo, P0000/0000, mfumo unaikataa kwa sababu mkwaju hauruhusiwi kwenye jina la faili. Weka kistari cha chini. Jina_Somo_Kazi3 inatosha.

Kitalu_B (#17)

Vipindi vya video vinamaliza bando jamani.

MzeeWaFomu (#18)

Muombe mkufunzi arekodi sauti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika 10 ni kama megabaiti moja na kitu. Video ya dakika 10, hata ya ubora wa chini, inaweza kula 30 na zaidi. Sauti pamoja na picha moja ya ubao inatosha masomo mengi, Hisabati ikiwemo. Zima pia upakuaji wa moja kwa moja kwenye makundi, maana kundi la masomo lina watu wa "habari za asubuhi" wenye video za maua.

Hili si jipya, kwa kweli. Miaka ya 1970 nchi hii ilisomesha watu kwa redio na vikundi vya kusikiliza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikwenda hivyo. Sauti moja, kijitabu kimoja, watu kumi wamekaa chini ya mwembe. Kundi la WhatsApp linalosikiliza rekodi pamoja saa 3 usiku kisha likajadili ni mwembe uleule.

Bureti_ya_Kitaa (#19)

Wa sayansi tuongee kidogo, maana mtihani wa vitendo unawakuta watu hawajawahi kushika bureti (mrija mrefu wa kupimia wenye koki). Kemia ya masafa bila maabara ni bahati nasibu. Kama kituo hakina, mkufunzi afanye mpango na shule ya jirani kwa Jumamosi tatu. Tatu zikipangwa vizuri zinatosha kwa titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye besi hadi rangi ya kiashiria igeuke.

Jumamosi ya kwanza msipime kitu, jifunzeni kuosha. Bureti unaisuuza kwa asidi itakayoingia humo. Pipeti unaisuuza kwa besi itakayoingia humo. Chupa ya koniko unaisuuza kwa maji tu, ukiisuuza na besi umeongeza besi usiyoihesabu na majibu yote yatakuwa makubwa.

Jaza bureti kwa faneli, kisha toa faneli. Ikibaki juu, tone linadondoka katikati ya kazi na usomaji wako unasema uongo. Fungua koki kidogo hadi hewa ya kwenye ncha itoke. Kiputo kikitoka katikati ya titresheni, kinahesabiwa kama asidi.

Soma chini ya mkunjo wa kimiminika, jicho likiwa usawa wake, na andika desimali mbili: 24.50, si 24.5. Jaribio la kwanza ni la kukisia, ni ruksa kupita. Matatu yanayofuata yakaribiane, yasitofautiane zaidi ya 0.2. Kwenye wastani usichanganye lile la kukisia. Hapo wengi wanalijumlisha.

Kiashiria: asidi kali na sodiamu kaboneti, tumia metili oranji, njano inageuka kuwa chungwa na unasimama hapohapo, ikishakuwa nyekundu ya waridi umepita. Asidi dhaifu na besi kali, fenolfthalini. Matone mawili matatu, si kijiko.

Jembe_Halimtupi (#20)

Mkuu, na Biolojia?

Bureti_ya_Kitaa (#21)

Nafuu kabisa. Wanga kwa iodini, sukari kwa Benedict, protini kwa Biuret, mafuta kwa Sudan III. Unga wa mahindi, kitunguu, ute wa yai na mafuta ya alizeti vinapatikana jikoni, kemikali ndizo za kuombea. Wanaopoteza alama hapa ni wale wanaoandika "kuna wanga" bila kuandika rangi ilianza ipi ikawa ipi. Anza na unachokiona, maana yake ifuate.

Mama_Abduli (#22)

Asanteni. Mwenye mtoto mchanga anafanyaje siku ya mtihani?

Kamusi_Mfukoni (#23)

Mama, mweleze mkuu wa kituo Oktoba, siku unayokwenda kuhakiki namba, usisubiri asubuhi ya mtihani. Mlete mlezi, akae nje ya eneo la vyumba. Karatasi nyingi za nadharia za kidato cha nne ni za saa 3, kwa hiyo mnyonyeshe dakika chache kabla ya kuingia. Ukiwa na karatasi mbili siku hiyo, kati yake pana saa tatu za mapumziko.

MkufunziMasafa (#24)

Na kwa kuwa Oktoba imetajwa, naweka hili mapema kwa sababu kila mwaka linamkuta mtu. Ratiba ya NECTA imeandikwa kwa saa za Kiingereza. Palipoandikwa 8:00 ni saa 2 asubuhi, na 2:00 ni saa 8 mchana. Mtu anaona 8:00, anajua ni saa nane mchana, anafika amekunywa chai vizuri, wenzake wameshatoka. Anayechelewa zaidi ya nusu saa haingii. Siku mnapogawiwa ratiba, chukua peni nyekundu, kila mstari andika saa za Kiswahili pembeni, kisha mpe mkufunzi aikague.

Chumbani peni ya bluu au nyeusi, mbili. Penseli kwa michoro. Rula, seti ya jiometri, majedwali siku ya Hisabati. Simu ibaki nyumbani, hata iliyozimwa, maana ikikutwa matokeo yanafutwa. Kila ukurasa unaandika namba ya mtihani, hauandiki jina.

Wenye namba rejea mkononi tayari, andikeni hapa mkishalipa ili tujue nani bado. Naona mpaka sasa hivi Kitalu_B yuko kambini tu.

Kitalu_B (#25)

Kesho asubuhi naenda kwa mkuu wa kituo, mwalimu. Saa 2 za Kiswahili.